Finjani Niliyoijaza Pomoni

Naikumbuka mpaka kanga niliyovaa, mwanangu, siku ile niliyowafukuza majirani zangu wote nyumbani kwangu kwa kahawa. Kanga ya zambarau, nimeifunga juu ya tumbo la miezi saba, na moyo wangu mweupe kabisa. Kaa hapo, Salma, iweke hiyo simu. Kesho unafungua mkahawa wako, mashallah, na mie bibi yako sina zawadi ya kukupa ila hadithi ya aibu yangu. Usicheke kabla sijafika pa kuchekea.

Nilikuja huku Ibra, Omani, bi harusi wa miaka kumi na tisa, kutoka Unguja mjini. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa kazini Maskati, anarudi Alkhamisi, anaondoka Ijumaa jioni. Mama yake alikwisha kufariki, na mama yangu mie yuko ng'ambo ya bahari, barua yake moja inachukua miezi kunifikia. Nyumba ni hii hii unayoitia mashine zako leo, na mie ndani yake peke yangu na mimba yangu ya kwanza. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni: Kur'ani nasoma vizuri, kuomba chumvi sijui. Na kilichonitia hofu si upweke, ni kuzaa. Wakati ule mwanamke wa mtaa huu alizaa mikononi mwa majirani zake. Kila siku nilikuwa najiuliza, hawa wanawake wakinikataa, mie nitazaa na nani?

Na wanawake wenyewe walikuwa na baraza lao, ila halikuwa na jengo. Kila asubuhi, kazi za mwanzo zikisha, kahawa hunywewa nyumba moja, kesho nyumba nyengine, kwa zamu. Hakuna anayealikwa. Unasikia kinu kinalia, mwenye zamu anatwanga kahawa aliyoikaanga sasa hivi, na harufu inapita juu ya ukuta inakuita kwa jina lako. Unajitanda, unakwenda. Ah, kahawa ile! Hii ya unga wa kopo mnayoikoroga kwa maji ya moto si kahawa, ni rangi. Ile ilikaangwa mpaka ikashabihi tende, si nyeusi ya kuungua, ikatwangwa, ikachemka pole pole, ikatiwa iliki. Na Bi Zuwena akidondoshea na maji ya waridi ya Jabal Akhdar, matone mawili tu, kwa mkono wake mwenyewe. Ukinywa unahisi kichwa kimefunguliwa madirisha.

Bi Zuwena ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mwanamke mrefu, mkavu, sauti nzito. Jumatano huuza iliki na ubani katika soko la wanawake, na siku zilizobaki hututawala sisi. Finjani zikisha kuzunguka mara ya kwanza, yeye huuliza, "Uluum?" yaani kuna habari gani, na kila mtu lazima aanze kwa kujibu hakuna ila kheri, hata kama paa lake limeanguka. Ndipo zinapotoka moja moja: nani kaposwa, mbuzi wa nani kazaa pacha, nani kazidisha zamu yake ya maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba. Gazeti gani lingewafikia wale?

Miezi mitatu nilikwenda kila asubuhi. Nilikaa pembeni, nikala tende zao, nikanywa kahawa yao, nikitazama midomo yao nipate kuokota maneno. Midomo tu, mwanangu. Hilo lishike, tutalirudia.

Mgeni huachwa kwanza azoee, kisha ikafika zamu yangu. Loo! Nikajisemea, leo watajua binti wa Unguja kalelewa vipi. Nilipika visheti, nikatandika mkeka wa ukindu niliokuja nao, kahawa nikaitia tangawizi kama ya kwetu, na kile kinu nilikitwanga mpaka nadhani walinisikia mji wa Sur, pwani huko. Wakaja wote kumi na wawili. Sasa kwetu sisi, weye hukukulia huko hujui, mgeni hapewi nusu kikombe. Nusu kikombe ni uchoyo. Mama yangu alikuwa akimimina chai mpaka inasimama kwenye mdomo wa kikombe, ukiinua lazima umwage, na mwenye kumwaga ndiye aliyekirimiwa. Basi nikalishika dalla, buli letu la shaba, nikaanza na mkubwa wao. Finjani ya Bi Zuwena nikaijaza pomoni.

Akaitazama. Akanitazama mie. Nikamchekea, meno yote nje, nikaenda kwa wa pili, nikajaza. Wa tatu, nikajaza. Nikawazunguka wote kumi na wawili, nimejaa fahari kuliko hizo finjani, wala sikujiuliza kwa nini wanatazamana. Bi Zuwena akainywa yote, moto vile vile, akaiweka chini, akasimama. Wakasimama wote. "Fi amani llah," akaniambia, kwa amani ya Mungu, wakavaa viatu vyao wakenda zao. Uluum hakuna aliyeuliza. Visheti vyangu hata kimoja hakikuguswa, na mie nimebaki katikati ya chumba na dalla mkononi.

Kesho yake kinu kikalia nyumba ya jirani, nikasikia, nikaona haya kwenda. Siku ya pili vivyo hivyo. Hakuna aliyekuja kunitazama. Nikalia, na mie unanijua, kilio changu hakikawii kugeuka ulimi. Nikasema hawana adabu hawa, nimewapa finjani nzima nzima na wameninunia! Nikafunga sanduku langu, babu yako akija anipeleke Maskati nikazae kwa watu nisiowajua hata majina. Bora hao, nikasema, hawajawahi kunikimbia.

Alkhamisi akaja, nikamweleza yote huku kamasi zinanitoka. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ulijaza mpaka wapi?"

Nikamwonesha kwa kidole. Wallahi mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Umewafukuza!" akasema. "Huku finjani ikijaa maana yake kunywa uondoke. Umewafukuza wanawake kumi na wawili, na mkubwa wao ndiye uliyeanza naye!"

Laiti ardhi ingepasuka siku ile ningeingia mzima mzima na kanga yangu. Babu yako alipomaliza kufuta machozi ya kicheko akasema atakwenda sabla, kwenye baraza la wanaume, awaeleze waume zao, na waume wawaeleze wake zao. Karibu nimwachie. Ingekuwa rahisi, si ndiyo? Lakini nikafikiri, mkono uliokosa ni wangu, kwa nini radhi ipite kwa midomo ya wanaume kumi na watatu? Muungwana akivuliwa nguo huchutama, hatumi mtu akamchutamie. Nikamwambia, "Nifundishe maneno tu. Mwenyewe nitakwenda."

Jumatano nikaenda soko la wanawake, tumbo mbele. Bi Zuwena amekaa nyuma ya mafungu yake ya ubani, na wanunuzi wamemzunguka. Aliponiona akaendelea kupima ubani. Na mie maneno yote aliyonifundisha babu yako yakaruka kama nzi. Yamebaki matatu. Nikatoa finjani kwenye mkoba, nikaiweka mbele yake juu ya ubani, nikasema kwa Kiarabu changu kibovu: "Kwetu, kujaa, mapenzi."

Bi Zuwena akaiinua ile finjani tupu, akaigeuza mkononi.

"Miezi mitatu umekunywa kahawa kwetu," akasema. "Umepata kuona finjani imejaa?"

"Sijaona, bibi."

"Basi macho yako yalikuwa wapi?"

"Midomoni mwenu. Nilikuwa najifunza maneno."

Akatikisa kichwa. Akanikemea, mwanangu, mbele ya watu, na kemeo lile ndilo lililonilea. "Binti, ukenda kwa watu tazama mikono yao kwanza. Maneno utayapata tu, watu hawachoki kusema. Na kama hujui, uliza. Kuuliza hakukati ulimi." Kisha akavuta dalla lake lililokuwa nyuma yake, akanimiminia katika finjani yangu, kidogo, pa kulowesha kidole. "Unaona? Natia kidogo ili nirudi kwako. Nitasimama tena, nitakutazama tena usoni, na weye utaniambia neno jengine. Ukitosheka utaitikisa hivi, nami nitajua. Lakini ukinijazia, umeniambia maneno yetu yamekwisha."

Nikaanza kulia. Naye sauti yake ikapungua uzito. "Mie nilikwenda nyumbani siku ile sikula," akasema. "Nikasema mtoto huyu katuchoka, na tumbo lile, na mama yake mbali, atakwenda nalo wapi? Na sisi tumekosa. Tulikuwa kumi na wawili na hata mmoja hakufungua mdomo akakwambia." Akaninong'oneza, maana cheo ni cheo: "Na kahawa yako ilikuwa nzuri. Ulitia nini, tangawizi? Mie ulimi wangu ulitaka kubaki. Finjani ndiyo iliyonitoa." Halafu akarudisha sauti yake ya amri, soko zima lisikie: "Kesho zamu yako tena!"

Kesho yake nilitwanga kinu kwa hofu, kila pigo nasema Yarabi waje. Wakaja wote kumi na wawili, na wa kumi na tatu kutoka mtaa wa pili, alikuja kumwona mwanamke anayefukuza watu. Nikamimina kidogo. Nikazunguka, nikarudi, nikamimina kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini mkono, mwanangu, mkono uliniuma! Bi Zuwena makusudi hatikisi finjani yake. Mara ya nne, ya tano, ananyoosha tu, jicho linacheka. Visheti vikaisha, wakauliza vinapikwaje. Mbuzi wa jirani alikuwa amezaa, kijana wa mtu amepata kazi Sur, kuna harusi inakuja na bi harusi hajui kupika wali, wakazijadili habari hizo mpaka adhuhuri inabisha hodi.

Mwisho wakamuuliza Bi Zuwena, na yeye uluum?

"Hakuna ila kheri," akajibu. Kisha akanitazama mie. "Habari yangu ni moja. Mtaa wetu umepata binti, na mtoto wake nitampokea mie, kwa mikono hii."

Nami wakati ule nilikuwa nimeinama namimina, finjani ya yule yule. Machozi yakanitoka, macho hayaoni, mkono umesahau kuacha. Nikasikia mtu anapiga ukelele, "Tazameni, anajaza tena!" Kweli, nimeijaza pomoni, inamwagika mpaka kwenye mkeka. Wakacheka wale wanawake, wakashikana mabega, mmoja akajilaza kabisa. Bi Zuwena akaiinua ile finjani iliyojaa, akainywa yote, akafuta mdomo wake.

Hakusimama. Hakuna aliyesimama.

Basi, Salma, sasa mashine yako. Mie siigombi. Nimeiona, inalia kama kigari cha maji lakini inatoa kahawa safi, na kahawa unakaanga mwenyewe, hongera, damu haipotei. Vile vikombe vya karatasi vijaze tu mpaka juu. Mtu anakwenda Ashkhara, njia ndefu, anataka kunywa garini, mjazie. Lakini chumba cha ndani, kile chenye dirisha la uani, usikitie meza. Tandika mkeka. Weka dalla na tende, na asiruhusiwe mtu kutoka na finjani mlangoni. Saa nne asubuhi twanga kinu, hata kama una mashine ya kusagia, watu wasikie. Na akikaa mtu muulize uluum kwa mdomo wako. Habari za mtaa huu siku hizi zote zimo ndani ya simu, zinasomwa na kila mtu na hakuna anayetazamwa usoni.

Watakujia wageni. Atakuja binti wa Mwanza aliyeolewa juzi, anachanganya Kiswahili na Kiingereza, atakaa vibaya, atapokea kwa mkono wa kushoto, atajaza au atamwaga. Usisimame ukaondoka moyoni mwako. Mwambie, na umwambie kabla hajakwenda nyumbani kulia. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji haponi akikaa kimya. Na siku utakayokosa weye, maana utakosa, usimtume mtu. Chukua finjani yako uende mwenyewe, hata kama umebakiwa na maneno matatu.

Miezi miwili baada ya kahawa ile, humu humu ndani, katika hicho chumba cha dirisha la uani, Bi Zuwena alimpokea mtoto wangu kwa ile mikono yake mikavu. Wengine wote walikuwa ukumbini wanatwanga kinu, nisikie kelele zao nisisikie uchungu. Nilizaa mtoto wa kike. Sasa unajua mama yako kwa nini anaitwa Zuwena.

Mungu aijaalie baraka nyumba hii, kinu chako kisikose wa kukisikia, mlango wako usikose mgeni, na kila anayeingia na dhiki atoke ameicheka. Akupe majirani watakaokuvumilia siku unayomwaga, na mikono ya kumpokea wako siku ikifika, amin ya Rabbi.

Haya, lete hilo dalla nikuone unavyomimina. Mkono wa kulia. Kidogo, mwanangu, kidogo. Bado sijataka kuondoka.