Mashine Inayowaamkia Watoto wa Mwera

Saa mbili kasoro robo asubuhi, katika shule ya Mwera, ng'ambo ya mto Pangani, Mwatumu Mselem anafunika dirisha la darasa kwa kanga ili jua lisififishe kioo cha kompyuta. Ni kompyuta ya kubeba, ya mitumba, na betri yake inakaa dakika arobaini tu. Msichana wa miaka tisa, ambaye hatumtaji jina, anaketi mbele yake. Kwenye kioo anatokea mtoto wa kuchorwa, kaptura imemzidi kiuno. Jina lake Uweso.

"Shikamoo, dada," Uweso anasema.

"Marahaba," msichana anajibu, na mgongo unanyooka. "Haya, leo una nini tena?"

Kwa salamu hiyo, Mwatumu, muuguzi wa magonjwa ya akili kutoka Pangani, amepata shahada yake ya udaktari wa falsafa mwezi uliopita. Bila salamu hiyo, nusura utafiti wake ufungwe.

Alitaka kutengeneza programu ya kumsaidia mtoto aseme yanayomsumbua moyoni. Watoto wenyewe ni arobaini na watatu, wa waliokuwa wafanyakazi wa shamba la mkonge lililouzwa mwaka 1997. Wauzaji na wanunuzi walihesabu matrekta, wakahesabu ekari, wakahesabu hata mabati ya kota. Watoto hawakuwamo kwenye orodha. Baba zao walipewa barua na siku saba za kuhama. Uchumi sasa ni huria, waliambiwa. Huria kwa nani, watu wa Mwera hawajaelezwa mpaka leo.

Mwatumu anaikumbuka na miaka ya kabla ya hapo. Mwaka 1983, yeye akiwa na miaka ishirini, baba yake mwenye kibanda cha duka Pangani alikamatwa kama mhujumu uchumi kwa mifuko minne ya sukari. Mdogo wake wa kiume akanyamaza miezi saba.

"Majirani walisema jini. Tukachoma ubani," anasema. "Hakuna aliyemwuliza ana nini. Hata mimi, na nilikuwa nasomea uuguzi."

Programu ya kwanza aliitengeneza na Shabnam Rehmatulla, binti mwenye duka la uchapaji mjini Tanga aliyejifunza kompyuta peke yake. Sauti ilikuwa ya Mwatumu mwenyewe: "Hujambo? Unalala vizuri? Kuna linalokusumbua?"

Watoto wote walisimama wima, wakaiamkia mashine, wakabonyeza: sijambo, vizuri, hakuna. Hata msichana huyu alibonyeza hivyo, na mwalimu wake, Manase, alikwishamchapa mara tatu kwa kusinzia darasani.

Chuo kikaandika barua: kama watoto ni wazima, utafiti wa nini? Akapewa miezi mitatu. Dakta Ernesti, mjumbe wa jopo la kumtahini, akamwambia usoni, "Mama, umevuka mto na kompyuta begani ukagundua kwamba watoto wa Pangani wana adabu."

Shabnam aliposimuliwa, alicheka. "Dada, huyo mzee kasema kweli wala hajui. Wewe utotoni, mkubwa akikuuliza hali, ulithubutu kumwambia mbaya?"

"Mama angenifinya."

"Basi."

Jibu alilikuta barazani pa shule hii hii. Alikuwa anafunga begi arudi zake, mdogo wa msichana yule akatoka darasa la kwanza, akamwendea dada yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," msichana akamjibu. "Mbona huchezi?"

"Naogopa kurudi nyumbani."

"Usiogope. Baba akianza kusema na ukuta, njoo kwangu. Mimi silali, namlinda."

Mwatumu akaliacha begi wazi. Miezi mitano alikuwa akimwuliza binti linalomsumbua, na binti amelijibu kwa aliyemwamkia.

Siku ya pili alipanda pantoni, akavuka, akafika Tanga. "Futa sauti yangu," alimwambia Shabnam. "Mashine isiwe mkubwa wao. Iwe mdogo wao. Iamkie, iogope, iombe ushauri."

Wiki sita baadaye Uweso akazaliwa, kwa sauti ya Shabnam aliyebana pua. Watoto thelathini na mmoja wakamshauri mambo yasiyobunika. "Uweso," mmoja alimwambia, "mama akitokwa machozi akasema ni moshi tu, usimwamini."

Jopo lilikutana kwenye ofisi moja Raskazone, Tanga. Dakta Ernesti akataka kukaa mwenyewe mbele ya kompyuta.

"Shikamoo," Uweso akasema.

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu kabla hajajikumbuka. Wenzake wakacheka.

"Mimi naogopa baba akinyamaza. Wewe ulipokuwa mdogo uliogopa nini?"

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hilo sitalijibu mbele za watu," alisema. "Na ndiyo maana mama huyu amefaulu."

Baba wa msichana sasa anatibiwa hospitali, na nyumba nzima inalala. Mwalimu Manase ameomba awe wa kwanza kufundishwa kazi hii. "Nilikuwa namchapa mlinzi aliyetoka lindo," anasema, na fimbo yake haionekani tena.

Mwatumu anataka kufikia mwisho wa mwaka 2000 awe amefika shule kumi na moja za ng'ambo ya mto, kila moja na mtu mzima wa kumpokea mtoto baada ya Uweso. Betri mpya itamla mishahara miwili. Hajali. "Mashine haitibu. Inafungua mlango, na wa kuingia ni mtu."

Dakika ya arobaini kioo kinazima. Msichana hainuki.

"Hujambo, mama?" Mwatumu anamwuliza.

Msichana anafikiri kwanza. "Jana sikuwa vizuri," anasema. "Leo afadhali."

Mwatumu anavuta kiti. "Anza na jana."

Naye anaanza.