Tulipomwandikia Asikuje

Vita ilinikuta kazini, na kazini ndiko ilikonifungia. Risasi zilianza asubuhi upande wa mpaka, nikiwa ninafuta vumbi kwenye ekrani za cyber, na kabla sijachagua kukimbia au kubaki, barabara ya kwenda kijijini kwetu Miti ilikuwa imeshafungwa. Maman patroni, mwenye nyumba na mwenye cyber, alishuka kutoka juu na funguo mkononi, akafunga mlango wa chuma, akasukuma kabati nyuma yake. Tukabaki watatu ndani ya chumba kile: yeye, mimi, na muzee sentineli wake, mlinzi wa lango, mtu wa Nyantende, ambaye hakuvua koti lake la mvua hata ndani ya nyumba. Alisema risasi haipendi nailoni.

Chumba cha cyber kilikuwa cha chini, nusu kimechimbwa ndani ya kilima kama vyumba vingi vya Bukavu. Zamani walikuwa wanaweka humo mifuko ya saruji, na ukiegemea ukuta ulitoka na mgongo mweupe. Dirisha lilikuwa moja, tukaliziba kwa godoro. Huko nje tulisikia mlango wa jirani ukivunjwa, kisha friji yake ikiburutwa ngazi kwa ngazi. Kila buti zilipopita karibu tuliacha kutafuna. Ninakumbuka hilo kuliko mabomu: umekaa na maharage mdomoni, hutafuni, humezi, unamwangalia mwenzako naye mashavu yamemjaa. Mara moja kicheko kilinishika. Maman alinifinya mkono mpaka machozi yakatoka, halafu naye akaanza kucheka, kwa mabega tu, bila sauti.

Lakini si buti zilizomnyima maman usingizi. Ni mutoto wake. Alikuwa na huyo mmoja tu, kijana aliyekuwa anasoma Bujumbura, na siku ya kwanza, simu zikiwa bado hazijakufa, alimpigia mama yake akasema: "Maman, nikikosa habari yako ninapanda gari, ninakuja kukutoa." Laini ikakatika hapohapo. Sisi wote tulijua maana yake. Kijana mrefu wa umri ule, peke yake, anapanda milima ya Ngomo, anakuta vizuizi vya watu wenye bunduki. Hata akiapa kwamba ni mwanafunzi, kila upande utamwona ni askari wa upande mwingine.

"Iko na kichwa nguvu kama baba yake," maman alisema. "Akisema anakuja, anakuja."

Kulibaki njia moja ya kumzuia, nayo ni internet, maana mutoto huyo alishinda cyber huko Bujumbura kila siku kama mtu anayelipwa mshahara. Na internet yetu ilikuwa imekufa tangu asubuhi ileile.

"Risasi imepiga sahani," maman alisema. Sahani kubwa ya kushika satelaiti ilikuwa juu ya paa, na hapakuwa na mtu wa kupanda kuiangalia. Tulikubali hivyo, tukakaa na jibu hilo kama watu wanaokaa na mgonjwa. Mpaka mchana mmoja risasi zilipopungua kidogo, maman akanigeukia.

"Wewe si unajua ile mashine?"

"Maman, mimi ninaiwasha tu."

"Iwashe basi. Zungumza nayo. Si unazungumzaka nayo siku zote ukidhani sikuone?"

Alisema kweli. Mashine hiyo ilikuwa pembeni, chini ya meza, na ndiyo iliyopokea internet kutoka kwenye modemu na kuigawia kompyuta za wateja. Haikuwa na picha wala kipanya. Ilitumia Linux: ekrani nyeusi, maandishi meupe, ukiiandikia inajibu, usipoiandikia inanyamaza. Mimi niliishia mwaka wa nne wa sekondari, lakini ndoto sikuwa nimeziacha shuleni, na siku zisizokuwa na wateja nilikuwa ninaandika humo traceroute, amri inayoonyesha barua inapitia mashine zipi, nikizifuata kwa kidole mpaka Ulaya, nikijiambia: hapa nitashuka nione theluji, hapa nitanunua viatu.

Fundi aliyeiweka alikuwa ameshahamia Goma. Alinifundisha kwa mdomo tu. "Internet ikikosa usilie," aliniambia. "Piga hodi. Kwanza piga hodi kwako mwenyewe, halafu kwa jirani, halafu ng'ambo. Pale watakosa kuitika, pale ndipo kuna ugonjwa." Hodi hiyo inaitwa ping.

Courant, yaani umeme wa mji, ilikuwapo. Miaka ya utulivu ilikuwa inakatika kila siku. Vita ilipokuja, courant ikawaka bila haya. Nikatambaa chini ya meza, nikawasha. Mashine ikavuma, na muzee akavua koti lake akaifunika ili sauti isitoke nje.

Nikapiga hodi kwake yenyewe. Ikaitika haraka, mstari juu ya mstari.

"Imesema nini?" maman aliuliza.

"Imesema iko."

"Hata mimi niko. Endelea."

Nikapiga hodi kwa modemu, iliyokuwa pale pale mezani, ningeweza kuigusa. Jibu likaja kwamba haifikiki. Nikarudia. Haifikiki. Nikaiangalia modemu yenyewe: taa zake zote zilikuwa kijani, hata ile ya satelaiti. Kwa hiyo sahani ilikuwa nzima! Risasi haikugusa kitu. Mbingu ilikuwa wazi, na sisi tulikuwa tumeshindwa kuvuka meza.

Nikaandika ifconfig, nione kadi mbili za mtandao, ile inayoangalia modemu na ile inayoangalia kompyuta za wateja. Zote mbili zilikuwa zimesimama, kila moja na anwani yake. Nikazima mtandao wa mashine nikauwasha upya. Haifikiki. Nje gari likapita polepole, na sisi tukabaki kama sanamu za kanisani mpaka mlio wake ukaisha kwenye mteremko.

"Imekufa," maman alisema kwa sauti ndogo. "Acha, mutoto yangu. Pengine ameshapanda gari."

Sauti ile ndiyo iliyonifanya nisiache. Basi tu kwa kukosa la kufanya, nikapiga hodi upande mwingine, kwa kompyuta ya mteja iliyowaka nyuma yangu. Nayo haifikiki! Nikakaa nikawaza. Mtu akikosana na jirani mmoja, inawezekana jirani ni mgonjwa. Akikosana na wa kulia na wa kushoto siku moja, basi mwenyewe ndiye amekaa vibaya.

Nikageuza mashine nikaangalia mgongo wake. Waya mbili za bluu, zinafanana kama mapacha.

"Muzee," nikasema, "siku ya kwanza, sisi tulipokuwa juu tunashusha godoro, kuna mtu aligusa hapa?"

Muzee alijibu bila wasiwasi. "Mimi. Bomu ilipolia nilichomoa yote. Ilipotulia nilirudisha yote."

"Ulichomoa kwa nini?" maman akamrukia.

"Ile kelele ilikuwa kama radi, maman! Wewe mwenyewe ulinifundisha: radi ikipiga, muzee, chomoa kila kitu, usiache hata redio. Ningejua namna gani kama hii radi iko ya batu, haiko ya Mungu?"

Na kweli, katika mji wetu mtoto anajua kuchomoa waya mvua ikija kabla ya kujua kufunga viatu. Hata mimi ningekuwa hapa chini ningechomoa. "Nilikufundisha vizuri sana," maman akasema.

Nikachomoa waya mbili, kila moja alikuwa ameirudisha kwenye tundu la mwenzake, nikazibadilisha nafasi. Nikapiga hodi kwa modemu. Ikaitika. Nikapiga hodi ng'ambo, mbali kabisa, na baada ya kusita ile mistari myeupe ikaanza kushuka. Nililia kidogo. Muzee alidhani nimepigwa na courant.

Tukahamia kompyuta ya mteja, nikafungua barua za maman. Ya mutoto ilikuwa juu kabisa, ya mchana uleule: *Maman niko cyber tangu asubuhi. Nikifunga bila jibu lako, kesho ninapanda.*

"Bado yuko!" maman akasema. "Andika, andika haraka. Mwambie tuko salama. Hakuna shida. Tunakula vizuri, tunalala vizuri. Asikuje."

Niliandika vilevile nikatuma. Jibu lilikuja tukiwa bado tumeinama sote watatu juu ya ekrani: *Asante Mungu!!! Kama kumetulia basi kesho ninakuja, hata kuwasalimia tu. Ninawaletea mchele.*

Muzee alisonya. Kwa kina maman, kama kwetu, mutu aliye mbali hapewi habari mbaya. Hata mume wake alipolazwa, mutoto aliambiwa baba ana malaria kidogo, mpaka siku alipofika na kukuta wanawake wamekaa chini uani kwa matanga.

"Mwambie ninamukataza."

"Atauliza sababu, maman."

"Mwambie ni mimi mama yake."

"Si ndiyo sababu anakuja?"

Alikaa kwenye kiti cha mteja. Akavuta kitenge chake mpaka mabegani kama mtu anayesikia baridi.

"Basi andika vile iko," akasema.

Akanitajia maneno polepole, macho yake ukutani. Kwamba maji yamekwisha na tunakunywa ya mvua. Kwamba kwa jirani walivunja mlango. Kwamba kijana wa pale, yule uliyecheza naye mupira, walimtoa nje na mpaka sasa mama yake anamwita kwa jina na tunamsikia. Kwamba barabarani wanaangalia vijana kwanza. Kisha akasema: "Mimi mama yako ninaogopa." Akaniambia nifute. Nilipofuta, akaniambia niirudishe.

Nikatuma. Safari hii jibu lilichelewa. Buti zikapita, nikazima ekrani, tukakaa gizani tukishikana vidole; zikaenda. Nilipoiwasha tena, maandishi yalikuwapo.

*Nimesoma maman. Ninabaki. Sitoki hapa.*

Muzee alipiga makofi ya hewa, viganja havikugusana. Nilimkumbatia maman, lakini yeye alikuwa bado anapitisha kidole chini ya yale maneno, la kwanza mpaka la mwisho, na kurudi.

"Sasa huyu mutoto atalala namna gani?" akauliza.

Nikarudisha vidole kwenye kibodi.

"Mwandikie alale," akasema. "Mwambie mama amesema alale."

Nikaandika. Nje ilikuwa bado mchana.