Nondo Wanne Kwenye Chupa za Mchana

Kwa miaka thelathini na mmoja Bibi Hesabu alilipwa mshahara wa kuhesabu uduvi waliokufa, na baharini hakuwahi kwenda. Mara moja tu alipanda meli ya utafiti ikiwa bado imefungwa gatini, akatapika, akashuka. Tangu siku hiyo bahari ndiyo iliyomfuata. Ililetwa chumbani kwake ndani ya chupa, imetiwa dawa ya kuzuia kuoza, naye akakaa na darubini yake akibonyeza kihesabio, tik, tik, tik, mpaka jicho la kulia likawa kubwa kuliko la kushoto. Hayo ya jicho aliyasema mumewe, na mumewe alikuwa mtu wa kutia chumvi.

Kazi yenyewe ukiieleza inachekesha. Viumbe wa kilindini, uduvi na visamaki visivyofika urefu wa kidole, mchana hujificha chini gizani wasiliwe. Jua likizama wanapanda mamia ya mita kuja juu kula, na alfajiri wanashuka tena. Kila siku ya Mungu, bila likizo. "Kama baba watoto wangu," Bibi Hesabu aliwaambia wageni wote waliotembelea chumba chake, wapende wasipende. Mumewe alikuwa mlinzi wa ghala la unga: jioni anatoka, alfajiri anarudi. Sehemu kubwa ya ndoa yao ilipita mlangoni, mmoja akiingia mwingine akitoka.

Safari hii chupa zilikuwa ishirini, zote za maji ya juu: kumi zimechotwa mchana, kumi usiku. Za mchana zilitakiwa ziwe karibu tupu. Alipohesabu, hizo ndizo zilizojaa. Daktari, kijana aliyeongoza utafiti, alisoma hesabu mara tatu kisha akamkumbatia kwa nguvu mpaka darubini ikatikisika. Viumbe wa huku wanaishi kinyume cha wenzao! Alhamisi angetangaza mbele ya wageni, na siku hiyohiyo wamuage Bibi Hesabu, anayestaafu, kwa cheti kilichokwisha kuchapishwa: Miaka 31 Bila Kosa Hata Moja. Mwenyewe Bibi alisema hapendi makuu. Msumari wa kukitundikia alikwisha kuupigilia ukutani.

Jumatano alfajiri mumewe alirudi kutoka kazini, akamkuta mlangoni na mkoba.

"Chupa za safari hii zimenichosha," alimwambia akimpokea kofia. "Nimetoa mpaka nondo. Wanne! Sasa nihesabu na wadudu wa nchi kavu?"

"Hao walifuata taa ya meli," mumewe akasema, anavua viatu. "Kwangu getini wananiingia mpaka kwenye chai."

"Walikuwa kwenye chupa za mchana."

"Mchana nondo atafuata taa gani? Mama, mtu wa usiku hapa ni mimi, usinifundishe."

Bibi Hesabu akabaki ameshika kofia, maana alijua palepale. Kanuni ya kazi inataka karatasi iliyoandikwa kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye dawa, iwekwe ndani ya kila chupa. Yeye mwenyewe, miaka sita nyuma, aliwafokea mabaharia waache, kwa kuwa karatasi zilimgandishia uduvi. Waandike kwenye kifuniko, basi. Na kwa kuwa dawa inanuka, alikuwa na mazoea ya kufungua chupa zote asubuhi zipate hewa wakati akinywa chai, vifuniko vimepangwa dirishani kwa safu ileile ya chupa, vya mchana upande mmoja, vya usiku upande wa pili. Wiki iliyopita ngazi ya fundi rangi ilikaa mahali pake. Akavikusanya vifuniko kwa mpangilio wake, akazunguka upande wa pili wa meza, akaanza kufunika kutoka kushoto kama alivyozoea. Kushoto kwa upande ule ndiko kulia kwa upande huu. Chupa za usiku zikavaa vifuniko vya mchana, na za mchana vya usiku.

Aliogopa, tena sana. Nondo alishawatupa, akinyamaza, nani angejua? Siku nzima alishinda na wazo hilo, na usiku ule msumari ukutani ulimnyima usingizi.

Alhamisi asubuhi alimkuta Daktari koridoni, ndani ya suti ya kuazima ambayo mikono yake ilimfika kwenye vidole.

"Mwanangu, usitangaze. Vifuniko nilivipindua mimi." Akamweleza yote.

"Mama! Kwa ajili ya nondo?"

"Wanne."

Daktari akautazama mlango wa ukumbi. "Nani mwingine anajua?"

"Mume wangu."

"Anaweza kunyamaza?"

"Yule? Mpaka wezi wa ghala lake wanajua saizi ya viatu vyangu."

Daktari aliketi kwenye ngazi, akafunika uso. Bibi Hesabu aliketi kando yake, aibu imempanda mpaka masikioni, akitamani atukanwe yaishe. Hakutukanwa. Kijana aliinuka, akaingia ukumbini, akawaambia wageni kwamba viumbe wa huku ni kama wa kwingine, usiku juu, mchana chini, na kwamba chupa zilifunikwa vibaya. Hakusema na nani.

"Ni mimi," ikatoka sauti kiti cha nyuma. Bibi Hesabu alikuwa amenyoosha mkono kama mtoto wa shule. Mgeni mmoja alicheka, wakacheka wote, naye akacheka nao huku machozi yakimtoka.

Cheti alipewa kilekile, hakikuwepo kingine. Ijumaa alfajiri mumewe alikikuta kwenye msumari. Maneno mawili yalikuwa yamekatwa kwa mstari mnene, na sasa cheti kilisomeka: Miaka 31 Kosa Moja.

"Umekata kwa penseli? Si ungetumia kalamu."

"Wino unafutika," alisema kutoka jikoni. "Nimefanya kazi miaka yote hiyo, hilo nalijua."

"Na jina langu liko wapi? Aliyegundua ni nani?"

"Lala huko."

Mumewe alivua kofia, akaushika mlango uliokuwa wazi na kumngojea atoke na mkoba wake, kama kila siku. Alingoja sana.

"Funga huo mlango," Bibi Hesabu akasema, akija na vikombe viwili. "Leo siendi kokote."