Harusi ya Zuhura na Ukoo Usioisha

Aibu niliyoipata siku hiyo haijanitoka, na kule Ziwani wakiniona bado wananiita Mama Spika, lakini heri mnisikie mimi mwenyewe.

Ilikuwa harusi ya mdogo wangu Zuhura. Wazazi walitutoka mapema, nikaacha shule nikawalea wadogo zangu, kwa hiyo siku ile mimi ndiye nilikuwa baba na mama, nikataka kila kitu kinyooke mbele ya wakwe waliotoka Nanyamba. Nikaamua wanaokuja kumtunza bibi harusi kwa zawadi waitwe na kompyuta kupitia spika (JavaScript nilijifunza mwenyewe, jioni baada ya kufunga genge langu la mboga). Nikawaweka ndugu wa pande zote mbili ndani ya objekti moja niliyoiita ukoo, nikaandika amri ya for...of iwapitie mmoja mmoja, ikagoma. Kumbe objekti yenyewe lazima ifundishwe kuwatoa watu wake: unaipa Symbol.iterator, nayo inakuletea next, na kila ukiita next unakabidhiwa mtu mmoja na kuambiwa kama wameisha. Wallahi iliposoma majina nilisisimka! Shangazi, wajomba, ndugu waliotawanyika miaka yote, wanatoka kwa zamu kana kwamba wapo mlangoni. Nikatamani nisikie tena na tena, nikaandika kwamba baada ya wa mwisho irudi kwa wa kwanza, ile done, alama ya kwamba wameisha, isiwe true kamwe. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Siku ya harusi, mzunguko wa kwanza, mashallah, watu wanacheza, wanatunza, vigelegele. Kisha spika ikaita upya, "Mama mkwe, Bi Asha wa Nanyamba!" Mama wa watu akainuka tena (angefanyaje, kaitwa mbele ya kadamnasi), na kwa kuwa zawadi yake alishaitoa, akavua kanga ya mabegani mwake akampa Zuhura. Spika ikageukia mashemeji.

"Hawa wanatukamua kama nazi!" akasema shangazi wa bwana harusi, wala hakunong'ona.

"Dada, izime," Zuhura akaniambia, wanja unamtiririka. "Watasema sisi yatima tuna njaa."

Neno hilo lilinichoma. Nikabonyeza kila kitufe, sauti inaita tu, haichoki, haioni haya, mpaka nikachomoa waya wa spika. Nikachukua ile kanga nikapiga magoti mbele ya Bi Asha.

"Mama, hatukuomba mara ya pili. Kosa ni langu, sikuiambia pa kuishia."

Akanitazama, akaitazama kompyuta. "Yaani ulichoiambia ndicho inachofanya, hata watu wakichoka?"

"Ndiyo, mama."

"Makubwa! Ningempata mume wa hivyo mimi!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, yule shangazi naye, na Bi Asha akajitanda kanga yake, akamvuta Zuhura ubavuni pake.

Siku hizi kabla sijaandika jina la kwanza naandika kwanza pa kuishia. Bado namstaajabia mtu aliyebuni jambo hilo, kwamba kitu bubu kinaweza kuwajua watu wake na kuwatoa kwa zamu. Ila harusi za wadogo zangu waliobaki, majina nitayaita mwenyewe, kwa mdomo huu unaokauka mate.