Glavu za Mzee Masatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Makoko alfajiri, kwenye nyumba ya wageni iliyojengwa karibu kabisa na maji ya ziwa. Meneja alikuwa hajafika. Aliyenipokea ni msimamizi wa bustani, Mzee Masatu, mtu mrefu mwenye kofia iliyochoka. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanipeleka mbele ya mstari wa iksora fupi, vile vichaka vya maua mekundu vinavyokomea magotini.

"Kaa hapa uangalie," akasema. "Leo hukati kitu."

"Mpaka saa ngapi, Mzee?"

"Mpaka ujue tawi lipi limekufa na lipi limepumzika tu. Wengi wanakujaga hapa na mkasi, wanakata kama wananyoa kichwa."

Nilikaa mpaka adhuhuri. Nilidhani ananidharau kwa sababu ni mwanamke.

Ninyi vijana mnaoleta maua kwa pikipiki yakiwa tayari yamechanua, mnaona bustani ndogo ni kazi ya wiki moja. Sisi tulianza na kipandikizi: kijitawi cha urefu wa kiganja, tunakichomeka kwenye mchanga uliooshwa, tunakifunika kwa chupa iliyokatwa kitako. Kikishika mizizi tunakihamishia kwenye udongo wenye samadi iliyokwisha kupoa, maana samadi mbichi inaunguza. Na kichaka hakibaki kifupi kwa kukatwakatwa. Unachuna ncha changa kwa vidole, mara kwa mara, kitoe matawi ya pembeni. Ukikibana na ukuta, chokaa ya saruji inakifuata mizizini, majani yanageuka njano na mishipa tu inabaki kijani. Mzee Masatu alipanda hatua moja kutoka ukutani, siku zote.

Baada ya miaka mitatu kampuni yenye nyumba ile ilituhamishia Mukendo, kwenye bustani ya mbele ya ofisi yao, mahali padogo kama chumba. Kisha ikatupeleka Bunda, Kabasa, kwenye nyumba yao mpya ya wageni. Udongo wa pale ulikuwa mweusi, wa kupasuka kiangazi. Bustani ilikuwa uani, imezungukwa na ukuta pande zote nne, haupiti hata upepo. Mimi wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi saba.

Wiki moja kabla ya harusi ya watu waliokodi uani pale, iksora ziliingiwa na vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba wanaonyonya utomvu. Dawa ya Mzee ilikuwa maji ya sabuni na mswaki, jani kwa jani. Tulisugua siku tatu tukawa tumefika nusu. Alhamisi asubuhi Meneja wa Bunda akaja na chupa ya maji ya kunywa iliyojaa kitu cha rangi ya maziwa.

"Hii ni dawa ya mashamba ya pamba. Pigeni leo, Jumamosi ni harusi."

Mzee aliigeuza ile chupa. "Haina karatasi. Kipimo chake ni kipi?"

"Wewe changanya."

"Basi naomba glavu na kitu cha kufunika pua. Bomba lenyewe la mgongoni linavuja."

Meneja akacheka. "Mzee, maua ya magotini unataka kuvaa kama daktari wa upasuaji?"

Hakujua kwamba ufupi wa maua ndio hatari yenyewe. Kichaka kirefu unakipigia kwa mbali. Kifupi unakiinamia, unapiga chini ya majani, na ukungu wa dawa unarudi usoni.

Meneja alipoondoka nilishika ndoo. Mzee akaninyang'anya.

"Wewe una mtu tumboni. Toka nje ya ukuta, na usirudi mpaka nikuite."

Hakuniita. Adhuhuri nilichungulia nikamkuta amekaa chini, shati limelowa mgongoni kwa dawa, jasho linamtiririka, mate yanamtoka na midomo inatetemeka. Tulimkimbiza hospitali. Daktari akauliza ni dawa gani. Hakuna aliyejua jina lake, na chupa Meneja alikuwa ameshaitupa. Mzee Masatu alifariki Ijumaa asubuhi.

Harusi ilifanyika. Watu walipiga picha mbele ya iksora, na kweli zilikuwa zimependeza.

Jumapili Meneja aliniita ofisini, akanisogezea karatasi. Ilikuwa imeandikwa kwamba marehemu alipewa glavu na barakoa, akakataa kuvaa.

"Lakini Meneja, glavu hazikuwepo."

"Mama, ulikuwa nje ya ukuta. Ulionaje?" Akaniangalia tumbo. "Butiama wanatafuta msimamizi wa bustani. Nimetaja jina lako. Au unataka kurudi nyumbani ukalime mihogo?"

Nikasaini.

Mazishi yalikuwa Makoko, nyuma ya nyumba yake. Meneja aliisoma karatasi ile mbele ya ukoo. Baadaye mjane, Mama Magesa, alinivuta pembeni.

"Wewe ulikuwepo. Ni kweli alikataa glavu?"

"Ndiyo, Mama."

"Ubishi wake," akasema. "Nilimwambiaga."

Butiama nilifanya kazi mpaka nikastaafu. Bomba la dawa sikuruhusu liingie kwenye bustani yangu. Kila kidung'ata tulikisugua kwa mswaki, na mameneja waliopita walinisifu kwa utaratibu wangu. Kila waliponisifu nilitamani ardhi inimeze. Mtoto yule wa mimba sasa ni baba wa watoto wawili, na bado sijamweleza ni nani aliyemtoa nje ya ukuta.

Mwaka huu nilikwenda Makoko. Mama Magesa amezeeka sana, lakini alinitambua. Nilimweleza yote, sikujitetea.

"Kaburi lake liko hapo nyuma," akasema. "Sijawahi kulipalilia. Watoto wakitaka kulisafisha nilikuwaga nawakataza. Nilisema, mtu aliyetuacha kwa ubishi, tumshughulikie wa nini?"

Akavaa kandambili zake, akachukua jembe lililokuwa limeegemea mlango. Nikainuka ili nimpokee.

"Wewe acha," akasema. "Nenda kwako."

Nilitoka mpaka barabarani, nikasimama. Nilimwona kule nyuma ya nyumba, magugu yakimfika kiunoni, akilima kidogo, akipumzika, akilima tena. Kupalilia ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote duniani, ningeimaliza kabla ya adhuhuri. Sikuruhusiwa kung'oa hata jani moja.