Daftari la Wageni Lililojaa

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Njombe, Ofisa Masjala alinipokea akiwa na makoti mawili mwilini na uso umenuna. Masjala, kwa nyinyi vijana wa kompyuta, ni chumba cha majalada. "Kijana," aliniambia, "karatasi ya serikali haifutwi. Ukikosea, piga mstari mmoja, weka saini, kisha uone aibu." Nimeishika amri hiyo maisha yangu yote, na imenigombanisha na watu wengi wema.

Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, nilihamishiwa Makambako, kata moja nisiyoitaja kwa kuwa bado nanunua nyama huko. Mji ulikuwa unafurika: Wakinga wa maduka, wenye malori kutoka Kondoa, na sisi wa Manda, kule ziwani, tuliochoka kula samaki. Mtendaji wa Kata akanikabidhi daftari la wageni. "Yeyote asiyezaliwa kata hii, mwandike," alisema. Nilianza na yeye, maana alitoka Songea. Hakufurahi.

Zena aliingia daftarini akiwa na watoto wawili na cherehani ya mkono, amekimbia vita Burundi. Mumewe alikuwa ameuawa, na jina la marehemu hakuweza kulitamka bila kulia, basi nikamwandika Zena tu. Ombi lake la hifadhi tulilituma Dar es Salaam, likalala huko. Ndipo tukaarifiwa kwamba ofisa wa mkoa anakuja kuwahoji wageni, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa daftari. Mtu wa nje ya nchi asiye na jibu la ombi lake mkononi angepandishwa lori na kurudishwa mpakani.

Mama Mgaya, muuza viazi na mzee wa usharika, alinijia ofisini na wanawake wa soko nyuma yake.

"Kamwene, baba Karani. Futa jina la Zena."

"Mama, daftari la serikali halifutwi."

Alinitazama kwa huruma iliyochanganyika na hasira. "Haya, usifute. Na kuongeza?"

Sikuona kanuni inayokataza.

Basi soko zima likapanga foleni kuandikishwa ugeni. Mama Mgaya alitangulia.

"Umetoka wapi?"

"Kitandililo."

"Mama, Kitandililo si hapo tu?"

"Nilikuja kwa miguu, na mtoto mgongoni. Andika!"

Daftari likajaa. Nikafungua jipya na kunakili majina yote kwa alfabeti, kama utaratibu ulivyotaka. Zena akawa wa mwisho kabisa. Naapa sikuvunja kanuni hata moja.

Ofisa alifika na lori lake. Kila aliyeitwa alikuja na maelezo kamili: nani alimzaa, alisafiri na nani, kwa nini aliachana na mke wa kwanza. Alhaji mmoja mwenye malori aliomba ruhusa akaswali, akarudi kuanza upya. Siku ya tatu, tukiwa bado kwenye herufi M, ofisa aliniuliza kwa sauti ya mgonjwa, "Karani, hapa mwenyeji ni nani?"

"Bado namtafuta, afande."

Nilichekesha watu, lakini nilikuwa naogopa. Zena alikaa benchi la nje siku zote hizo, watoto wake wamevaa nguo zote walizokuwa nazo, tayari kwa lori. Kila ukurasa ulipogeuzwa nilihesabu majina yaliyobaki.

Siku ya tano, tukiwa herufi S, posta ikaleta bahasha kutoka Dar es Salaam. Zena amekubaliwa. Ofisa aliisoma mara mbili, akagonga muhuri, akamshukuru Mungu kuliko sisi sote.

Sasa nimestaafu, nalima viazi. Vijana huniuliza kama nilikuwa mtu wa kanuni au mtu wa watu. Nawajibu kwamba anayezijua kanuni vizuri hana haja ya kuchagua.

Juzi Zena alibisha hodi, mvua inanyesha, nyuma yake mume na mke kutoka Kongo na mabegi yamelowa.

"Baba Karani, hawa wanahitaji barua ya kuomba hifadhi."

"Zena, mimi nimestaafu."

"Wewe umestaafu. Wao ndiyo kwanza wamefika."

Nikaenda kutafuta miwani.