Kijiko cha Doto

Nakumbuka, mwanangu, siku ambayo mama yangu aliziondoa sare zetu kwenye kamba zikiwa bado mbichi, akazikunja, akazitia sandukuni, akasema hakuna wa kwenda shule tena, si mimi wala pacha wangu. Usiniambie nikae, Veronika. Habari hii siwezi kuisimulia nikiwa nimekaa, na wewe unanijua baba yako, kiti hakijawahi kunivumilia. Acha nizunguke hapa uani kwako, kuku wako watanisamehe.

Umeniita kutoka machimboni Bulyanhulu nije huku kwako Nyasubi mbio, nikadhani kuna mgonjwa. Kumbe ni habari za mjukuu wangu Mabula. Unataka Jumatatu umtoe shule ya masista, kwenye lile darasa la watoto wanaochelewa kushika masomo, umrudishe kule wanakosoma kaka zake. Unasema mawifi zako wanaliita darasa la wajinga. Unasema watoto wako wote ni sawa, kwa hiyo wote watavaa sare moja. Ah! Sare moja! Maneno hayo niliyasikia wewe hujazaliwa, na nusura yatupoteze watoto wawili kwa mpigo.

Sisi tulikuwa mabasa, mapacha. Kulwa alitangulia kuzaliwa, mimi Doto nikafuata. Na pacha kwetu Usukumani si mtoto wa kuchezea. Mgeni akija na ndizi moja, heri aile njiani. Kulwa akishonewa kaptula, ya Doto inashonwa siku hiyohiyo, kitambaa kilekile. Wazee walisema ukimpendelea mmoja, mwingine ataugua. Mama aliishika mila hiyo kwa mikono miwili, wala simlaumu, uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Sasa twende shuleni. Kulwa alisoma kama anayekunywa uji. Mimi, we! Mwalimu akiandika ubaoni, macho yangu yako dirishani, miguu inacheza chini ya dawati, na herufi niliyoijua jana leo haina hata salamu. Nilichapwa kwa kutojua, nikachapwa kwa kutotulia, nikachapwa tena kwa kulia. Ikafika mahali naoga peke yangu ili Kulwa asiuone mgongo wangu. Kaptula zetu zilikuwa sawasawa, migongo haikuwa sawa.

Parokiani kwetu alikuwapo sista mmoja, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kengele. Alikuwa akiwakusanya watoto wa aina yangu kwenye chumba nyuma ya kanisa. Siku moja, kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza, aliniona nahangaika kwenye benchi, akaniita mbele. Nikajikunyata nikingoja fimbo.

"Tembea," akasema. "Nani alikwambia herufi husomwa na makalio?"

Akachora herufi kubwa sakafuni kwa mkaa, akaniamuru niipite kwa miguu, kutoka kichwa hadi mkia, tena na tena. Nilicheka mpaka nikasahau kuogopa. Jioni ile nilirudi nyumbani na herufi ambazo hazikunikimbia tena, na njia nzima nilikuwa nazitembea kwenye vumbi.

Basi sista akaja nyumbani mwenyewe kuniomba. Kulwa aendelee na shule yake, mimi niwe nakwenda kwake kila asubuhi. Mama akakataa katakata.

"Sista, hawa ni mabasa, hawatenganishwi. Shule ikimshinda Doto, imemshinda na Kulwa."

Kesho yake ndipo sare zikaingia sandukuni, nasi tukakabidhiwa ng'ombe. Haki ikawa imetendeka, eti!

Kulwa hakulalamika, na hilo ndilo lililoniua. Mtoto aliyekuwa akisoma hata karatasi ya kufungia chumvi, leo anafukuzana na ndama kwa sababu yangu. Niliumia, mwanangu. Nilitamani nisingezaliwa naye. Nikawa nakimbia nyuma ya ng'ombe mchana kutwa hata wakiwa wametulia, maana nikisimama tu, nilikuwa namwona yeye.

Bibi yetu, mama yake mama, alikuja kututembelea akatukuta malishoni saa za shule. Akapitiliza hadi nyumbani, sisi nyuma yake. Mama akamweleza habari za haki ya mapacha, kwa kirefu, kama unavyonieleza wewe hapa. Bibi akatua mzigo wake.

"Walipozaliwa hawa," akasema, "Kulwa alishika ziwa siku ileile. Doto hakuweza kunyonya. Ulifanyaje?"

"Nilikamua, nikamnywesha kwa kijiko."

"Na Kulwa naye ulimnywesha kwa kijiko, ili wawe sawa?"

Mama akatikisa kichwa.

"Au ulimnyima Kulwa ziwa kwa kuwa Doto hakuliweza? Maziwa yalikuwa yaleyale, binti yangu. Sista amekuletea kijiko, wewe unakitupa."

Mama akalia. Kisha akanawa uso, akafungua sanduku. Asubuhi tuliachana njia panda, Kulwa shuleni, mimi kwa sista, tukalia wote wawili kama tunazikana. Jioni tukarudi pamoja, tukagombania kiporo kama kawaida, na hakuna aliyeugua.

Sikuwa daktari, unajua. Hadi leo nasoma kidole kikiwa chini ya mstari, na mwenye haraka apite. Lakini nasoma! Nasoma barua za kijiji, nasoma karatasi za spea, na Jumapili nafuata masomo kwenye kitabu changu mwenyewe. Pikipiki za watu wa machimboni nazitengeneza kutwa nimesimama, wala hakuna anayeniambia tulia.

Sasa nisikilize, nisije nikakanyaga kifaranga chako kwa hasira. Vidole vya mkono havilingani, lakini sijamwona mtu anayevikata ili vilingane. Kuwapenda watoto sawa si kuwapa kitu kimoja, ni kumpa kila mmoja kile kitakachomfikisha. Mawifi zako wataongea, waache waongee, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Nilipofika jana, Mabula alinivuta pembeni akaniambia, "Babu, pale kwa masista nikiuliza tena, hawanichapi." Umewahi kumsikia akisema hivyo kule kwa kaka zake? Ukimtoa Jumatatu hatalia sana, mtoto huzoea. Atajua tu kwamba aibu yako ilikuwa kubwa kuliko yeye, na hilo, mwanangu, hakuna sista atakayeweza kulifuta.

Unalia? Lia, kisha unawe uso kama bibi yako, mama yangu, siku ile. Ile pale sare yake kwenye kamba, imekwisha kukauka. Kainyooshe kwa pasi, Jumatatu nitampeleka mimi, na wewe utatembea nasi hadi getini, kichwa juu, wakuone.

Mungu akubariki, Veronika binti yangu. Awalinde kaka zake Mabula kwenye wepesi wao, amlinde na yeye kwenye mwendo wake. Na wewe akujalie mkono usiochoka kushika kijiko.